Maji Yanayodondoka Kutoka Kwenye Kiyoyozi cha Gari: Jinsi ya Kuyachunguza na Kuzibua Njia Yake

Joto likipanda, maswali ya wenye magari hurudi yaleyale. Mmoja ameegesha gari, akarudi na kukuta dimbwi dogo chini ya sehemu ya mbele, akadhani rejeta imetoboka. Mwingine ameona zulia la upande wa abiria limelowa chapachapa ilhali mvua haijanyesha wiki nzima. Wa tatu husikia maji yakichezacheza nyuma ya dashibodi kila anapokata kona. Mwongozo huu unawahusu wote watatu, na umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuingia chini ya gari lake lakini yuko tayari kutenga saa mbili za kulichunguza kwa utulivu.

Nianze na jibu ambalo wengi hulihitaji kabla ya yote. Maji maangavu yasiyo na harufu, yanayodondoka chini ya gari wakati kiyoyozi kinafanya kazi, ni dalili ya uzima. Usiyazuie wala usiyatafutie dawa. Maji ya kuhofia ni yale yanayoingia ndani ya gari, pamoja na yale yasiyotoka kabisa katika siku yenye joto na unyevu mwingi, kwa sababu hayo hayajapotea, bali yamekwama ndani ya dashibodi na yanatafuta njia nyingine. Sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa ni kuyarudishia njia yake.

Maji hayo hutoka wapi

Nyuma ya dashibodi kuna kifaa chenye mapezi membamba ya alumini ambacho mafundi hukiita evaporeta. Gesi ya kiyoyozi inapopita ndani yake hukipoza hadi nyuzi chache tu juu ya kiwango cha kuganda kwa maji. Feni inaposukuma hewa ya joto kupitia mapezi hayo, unyevu uliomo hewani hushikamana juu yake na kuwa matone, kama inavyotokea kwenye bilauri ya maji baridi iliyowekwa mezani. Hewa ya nyuzi joto 30 iliyojaa unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, lakini ikipozwa hadi nyuzi 5 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 hivi. Kinachozidi ndicho kinachodondoka. Kwa hiyo mahali penye hewa kavu gari linaweza kutoa matone machache tu hata kama jua ni kali, na mahali penye unyevu mwingi likatoa zaidi ya lita moja kwa saa bila kuwa na hitilafu yoyote.

Matone hukusanyika kwenye trei iliyo chini ya evaporeta, kisha hupita katika mpira mwembamba unaotoboa ukuta uliopo kati ya injini na chumba cha abiria, na kumwagika chini. Mpira huo ndio kiini cha shauri zima, kwa sababu ni mwembamba kama kidole, uko karibu na vumbi na matope, na hakuna anayeukumbuka mpaka uzibe.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kipande kikubwa cha boksi la karatasi ngumu, pamoja na karatasi nyeupe chache.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Glavu na miwani ya kinga.
- Jeki, stendi mbili za kushikilia gari na kabari za kuzuia magurudumu, ikiwa mpira hauonekani bila kuingia chini.
- Uzi mnene wa nailoni, ule unaotumika kwenye mashine za kufyekea nyasi, urefu wa nusu mita hivi.
- Mashine ya kufyonza inayoweza kunyonya maji, kama utaipata. Isipokuwepo, kazi bado inawezekana.
- Beseni, taulo kuukuu na matambara.
- Kitabu cha maelekezo cha gari lako, hasa kurasa zinazoonyesha mahali pa kuwekea jeki na mahali lilipo chujio la hewa ya ndani.

Fanya kazi hii mahali pa wazi. Injini itawashwa ikiwa imesimama, na moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu ndani ya gereji lililofungwa. Kumbuka pia kwamba ekzosi hupata joto la mamia ya nyuzi na hubaki moto kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Mwenye gari la haiburidi, yaani linalotumia injini pamoja na mota ya umeme, au la umeme tupu, aongeze tahadhari mbili. Ya kwanza ni kulizima gari kabisa kabla ya kupeleka mkono kwenye injini au chini ya gari, kwa kuwa injini ya haiburidi inaweza kujiwasha yenyewe gari likiwa limeachwa tayari kwa safari. Ya pili ni kutogusa kamwe nyaya zenye rangi ya machungwa, maana ndizo zinazobeba umeme mkubwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni maji

Usikisie kwa kutazama lami iliyolowa, kwa sababu juu ya lami kila kimiminika huonekana cheusi. Weka karatasi nyeupe mahali matone yanapoanguka, subiri ipate doa, kisha iangalie mwangani. Vaa glavu, chukua tone moja na ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Maji ya kiyoyozi hayana rangi, hayatelezi, hayana harufu, na karatasi ikikauka hayaachi alama isipokuwa vumbi.

Kulanti ya rejeta, yaani kimiminika cha kupozea injini, huwa ya kijani, waridi, rangi ya machungwa au buluu, hunata kidogo na ina harufu tamutamu. Ukiikuta, usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto, na uifute mara moja hapo chini, kwani nyingi zina ethilini glikoli, sumu ambayo utamu wake huwavuta mbwa na paka. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi na hutanda kwenye karatasi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni mekundu, au ya kahawia yakiwa yamechakaa. Mafuta ya breki huwa na rangi ya manjano hafifu na huharibu rangi ya bodi. Ukiyakuta, gari lisiendeshwe. Petroli utaijua kwa harufu, na hapo usiwashe injini. Maji ya kuoshea kioo huwa na rangi na harufu ya sabuni, na hudondoka hata kama kiyoyozi hakijawashwa siku nzima.

Wengi huuliza kama tone hilo linaweza kuwa gesi ya kiyoyozi inayovuja. Haiwezekani. R-134a, ambayo imetumika katika magari mengi tangu miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na R-1234yf iliyo katika magari mapya hufanana nayo kwa tabia hiyo, hivyo gesi ikivuja hupotea hewani papo hapo. Kinachobaki ni alama ya mafuta kwenye viungio vya mabomba, si dimbwi.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la dakika 15

Chagua siku ya joto, ikiwezekana yenye unyevu. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, uweke gia kwenye egesho, au huru kwa gari la gia za mkono. Tandika boksi chini ya sehemu ya mbele, kuanzia nyuma ya injini hadi usawa wa miguu ya abiria. Washa injini, weka kiyoyozi kwenye baridi kali kabisa na feni kwenye kasi ya kati, kisha chagua hewa ya nje. Wengi hukosea hapo: wakiacha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimewashwa, hewa ileile hukaushwa tena na tena, matone yanapungua, nao wanaamini kwamba mpira umeziba.

Subiri dakika 15, zima injini, uangalie boksi. Ukikuta doa la maji safi mahali pamoja, na zulia la ndani ni kavu, gari lako halina tatizo lolote na unaweza kuishia hapa. Usishangae matone yakiendelea hata baada ya injini kuzimwa, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye mapezi huchukua muda kushuka. Boksi likibaki kavu ilhali hewa inayotoka kwenye matundu ni baridi na siku ina unyevu, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kagua zulia la ndani

Ondoa mati. Kisha bonyeza zulia la miguu ya abiria kwa kiganja, ukiweka uzito wa mwili, na uweke karatasi ya kufutia chini ya kiganja chako. Kuligusa juujuu hakutoshi. Chini ya zulia la gari kuna sponji nene inayoweza kufyonza lita kadhaa huku uso wa zulia ukionekana mkavu. Ukibonyeza kwa nguvu ndipo maji yanapopanda kati ya vidole. Rudia kwa dereva, kisha viti vya nyuma, maana sakafu ya magari mengi huruhusu maji kutambaa chini ya viti hadi nyuma.

Baada ya hapo piga magoti nje ya mlango, mulika tochi chini ya dashibodi na upapase sehemu ya juu ya zulia, pale linapopanda kuelekea ukuta wa injini. Maji ya kiyoyozi huteremka kutoka kwenye kasha la plastiki lililo katikati au upande wa abiria. Ukikuta njia ya maji inaanzia kwenye kona ya juu karibu na nguzo ya kioo cha mbele, au kwenye kizingiti cha mlango, hayo yaelekea kuwa maji ya mvua au ya kuoshea gari, na kuzibua mpira wa kiyoyozi hakutakusaidia. Ili kuondoa shaka, kausha sehemu hiyo kwa taulo na utumie gari kwa siku mbili za ukavu huku kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Zulia lisipolowa tena mpaka utakapokiwasha, umempata mhusika.

Hatua ya 4: Tafuta mdomo wa mpira

Fungua boneti injini ikiwa imepoa. Tazama ukuta ulio nyuma ya injini na utafute mabomba mawili ya alumini ya kiyoyozi, moja nene na jingine jembamba, yanayoingia ndani ya gari. Mpira wa kutolea maji mara nyingi hutokeza chini ya usawa huo, upande wa abiria au karibu na katikati. Ni mweusi, mfupi, na mara nyingi umepinda kuelekea chini. Mingine huishia kwenye midomo miwili iliyobanana, ambayo hufunguka kwa uzito wa maji na kujifunga ili wadudu wasiingie. Midomo hiyo ni ya kusaidia, lakini ndiyo inayonasa matope na majani kwanza.

Usiuchanganye na mipira ya hita. Hiyo huwa miwili, ni minene zaidi, imebanwa kwa vibanio, na ndani yake hupita kulanti ya moto. Ukiwa na shaka yoyote, usiguse. Mwombe fundi akuonyeshe mara moja, nawe utaujua maisha yote ya gari hilo.

Hatua ya 5: Inua gari, ikiwa ni lazima tu

Magari marefu kwenda juu hayahitaji kuinuliwa. Kwa gari la chini, egesha mahali pagumu na tambarare, weka kabari nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, inua kwa jeki mahali palipoelekezwa na kitabu cha gari, kisha shusha uzito wote juu ya stendi. Kabla ya kuingia, sukuma gari kidogo kwa mkono uone kama limetulia. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa sekunde chache za kuchungulia. Jeki imeundwa kwa ajili ya kuinua tu, nayo huteleza au kushuka bila kukupa onyo.

Hatua ya 6: Zibua, ukianza na njia ya upole

Vaa miwani kabla ya lolote. Maji yaliyokaa wiki kadhaa kwenye trei ni machafu, na yakifunguka hutoka kwa kishindo, hivyo weka beseni chini ya mpira na uso wako pembeni.

Minya ncha ya mpira kwa vidole mara kadhaa, ukiiviringisha kama mtu anayetoa mbegu kwenye ganda. Utahisi kama kuna tope gumu ndani. Kwa uzoefu wangu hatua hii ndogo huwatosha wengi, kwa sababu kizuizi huwa kwenye sentimita mbili au tatu za mwisho. Maji yakianza kutiririka, yaache yaishe yenyewe.

Yasipotoka, tumia mashine ya kufyonza maji. Zungushia tambara mahali mpira wa mashine unapokutana na mdomo wa mpira wa gari ili upepo usipenye, kisha fyonza kwa nusu dakika, pumzika, rudia. Njia hii ni bora kuliko zote kwa kuwa huvuta uchafu nje badala ya kuusukuma ndani.

Njia ya tatu ni uzi wa nailoni. Choma ncha yake kidogo kwa moto au ikate vizuri ili isiwe na makali, uingize taratibu huku ukiuzungusha, na usipite sentimita kumi hivi. Ukigonga kitu kigumu, acha. Hapo ndipo ninapowasihi wasomaji wasiwe na haraka: waya wa chuma, bisibisi au spoku ya baiskeli haviruhusiwi kabisa, kwa sababu mwisho wa njia hiyo unaweza kukutana na evaporeta yenyewe. Alumini yake ni nyembamba, na tundu moja dogo humwaga gesi yote na kulazimisha dashibodi nzima kufunguliwa.

Upepo wa kompresa una hatari yake. Msukumo mkali unaweza kuuchomoa mpira kwenye trei kwa ndani, mahali ambapo mkono wako haufiki. Tangu siku hiyo kila tone litaishia kwenye zulia. Unaweza pia kurusha tope juu ya mapezi na kwenye feni. Ikiwa huna njia nyingine, tumia upepo mdogo kabisa kwa mpulizo mfupi, bila kuziba mdomo wote wa mpira.

Hatua ya 7: Rudia jaribio

Shusha gari, tandika boksi jipya, fanya tena jaribio la hatua ya 2. Unatarajia matone ya mara kwa mara yanayoanguka mahali pamoja. Angalia pia yanaangukia nini njiani. Mpira ukipinda vibaya baada ya kuminywa, maji huweza kudondokea ekzosi na kupanda kama mvuke kutoka chini ya boneti, jambo ambalo huwafanya watu wengi kusimamisha gari barabarani wakiamini kwamba injini inachemka. Rudisha ncha ya mpira ielekee chini, mbali na ekzosi.

Hatua ya 8: Kausha ndani mpaka sponji ikauke

Watu wengi huishia kwenye ushindi wa hatua ya 7, na baada ya wiki mbili gari linanuka. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili katika zulia lililolowa na lenye joto. Fyonza maji kwa mashine au kandamiza kwa taulo kavu, ukibadilisha taulo mpaka itoke bila unyevu. Kisha inua ukingo wa zulia kwa kulegeza ukanda wa plastiki ulio kwenye kizingiti cha mlango, weka kipande cha mbao au chupa tupu chini yake ili hewa ipite, na uelekeze feni hapo. Gari likae juani madirisha yakiwa wazi. Sponji iliyolowa sana huhitaji siku kadhaa, na jua la juu ya zulia pekee halitoshi.

Ukiwa umeinua zulia, mulika sakafu. Magari mengi huwa na nyaya, na mengine hata visanduku vya kielektroniki, chini ya zulia au chini ya kiti. Ukiona soketi imelowa au ina kutu ya kijani, usiwashe switi ya gari. Chomoa kwanza waya hasi wa betri na umwite fundi umeme. Soketi na nyaya za manjano ni za mifuko ya hewa ya usalama, kwa hiyo usizichomoe kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 9: Chujio na harufu

Badilisha chujio la hewa ya ndani ikiwa limeshika ukungu au limejaa vumbi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 15,000 hadi 20,000 au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa gari linalopita barabara za vumbi. Hakikisha mshale wa mwelekeo wa hewa uko sawa na kifuniko kimekaa vizuri. Harufu ikibaki, tumia povu maalumu la kusafishia evaporeta kwa kufuata maandishi ya kopo lake, feni ikiwa imezimwa, na uhakikishe mpira umeshazibuka kabla ya kulipuliza, maana povu hilo nalo litageuka maji yanayohitaji pa kutokea. Ili harufu isirudi, zima kitufe cha kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika unakokwenda na uiache feni ikivuma, ili mapezi yakauke.

Mambo mawili yasiyofaa kufanywa

Wapo wanaofunga mpira kwa kizibo ili sakafu ya maegesho isichafuke. Maji yatajaa trei na kumwagikia ndani. Ikiwa sakafu ni muhimu hivyo, weka beseni.

Wapo pia wanaokusanya maji haya na kuyatia kwenye betri au kuyanywa, wakisema ni safi kama maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Si hivyo. Yamepita juu ya mapezi yenye vumbi, vijidudu na chembe za metali. Yanafaa kuoshea magurudumu, basi.

Ikiwa tatizo bado lipo

*Hakuna tone hata moja, hewa ni baridi, zulia ni kavu.* Angalia unyevu wa siku hiyo na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Katika hewa kavu hali hii ni ya kawaida.

*Hakuna tone, na hewa si baridi.* Mpira hauhusiki. Kompresa ya kiyoyozi, yaani pampu inayosukuma gesi, haifanyi kazi, au gesi imepungua, au kuna hitilafu ya umeme.

*Hewa ni baridi mwanzoni, baada ya nusu saa upepo unafifia, na gari likizimwa linaacha dimbwi kubwa.* Evaporeta imeganda barafu. Zima kitufe cha kiyoyozi, iache feni ikivuma kwa dakika 20, na upepo utarudi. Anza na chujio, kwa kuwa likiziba hewa hupita kidogo mno na mapezi hupoa kupita kiasi. Chujio likiwa jipya na hali ikajirudia, yaelekea gesi ni pungufu au sensa ya joto ya evaporeta imeharibika.

*Ukungu mweupe unatoka kwenye matundu ya hewa.* Siku ya unyevu mwingi, hasa dakika za mwanzo, ni jambo la kawaida. Yakiruka matone halisi ya maji, trei imejaa, hivyo rudi hatua ya 6.

*Sauti ya maji kwenye dashibodi unapokata kona au kufunga breki.* Trei imejaa nusu, mpira unapitisha lakini polepole. Usisubiri zulia lilowe.

*Mpira umezibuka, matone yanaanguka nje, lakini zulia bado linalowa kiyoyozi kikiwashwa.* Huenda mpira umechomoka kidogo upande wa ndani, au sponji ya kuzibia kati ya kasha la evaporeta na ukuta imechakaa, na maji yanarudi kwa kutambaa ukutani. Kurekebisha hili hutaka kufikia nyuma ya dashibodi.

*Zulia hulowa baada ya mvua au kuosha gari tu.* Safisha majani chini ya waipa, mahali hewa ya nje inapoingilia. Kagua mifereji ya dirisha la paani kama lipo, mpira wa kioo cha mbele, na karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya bitana ya mlango, ambayo aghalabu hubanduka baada ya mlango kufunguliwa na fundi wa madirisha au wa spika.

*Zulia limelowa kwa kitu chenye utelezi na harufu tamu, na kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta kwa ndani.* Hiyo ni rejeta ndogo ya hita inayovujisha kulanti. Angalia kiwango cha kulanti injini ikiwa imepoa, na usiendeshe safari ndefu, kwa sababu injini inaweza kuchemka.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee matokeo ya jaribio la hatua ya 2 jinsi yalivyo: kiyoyozi kiliwashwa kwa muda gani, boksi lililowa wapi, hewa ilikuwa baridi au la, na zulia lilianza kulowa upande upi. Usikubali kuongezewa gesi kwa sababu tu umesema maji yanadondoka. Mfumo wa gesi umefungwa, na ikiwa imepungua basi kuna mahali inavuja. Mwombe apime shinikizo la pande zote mbili za mfumo, ule wa shinikizo kubwa na ule wa shinikizo dogo, na kutafuta panapovuja kabla ya kujaza chochote, na akishajaza, ajaze kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti.